Mvinyo wa Adolphine wa Mwaka wa Tisini na Sita

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa Amerika nimeshaona watu waliosifiwa kanisani Jumapili wakaharibika Jumatatu. Lakini Adolphine nitamsifu, na asiyetaka kusikia atanisamehe.

Tulikutana Columbus mwaka 2013, kwenye nyumba ya kutunzia wazee tulikokuwa tukifanya kazi. Mimi Mhaya wa Bukoba, yeye Mshi wa Walungu, kule Kivu ya Kusini, Kongo. Kiswahili chake kilinichekesha na changu kilimchekesha, basi urafiki ukaanza hivyo. Siku moja alinifuata wakati wa chakula, akaniuliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa na mkimbizi yeyote.

"Dada Leokadia, banasema nyumba yako iko na chumba chini ya udongo. Kule chini kuko baridi?"

Nikamwambia kuna baridi, na mashine ya kufulia, na buibui wa kutosha. Nilidhani anatafuta pa kulala. Jioni ile alifika kwangu Whitehall na mwanawe Ombeni, wamejaza chupa kwenye kiti cha nyuma cha gari, kila moja imeviringishwa kwenye kitenge na kulazwa. Kijana wa watu alikuwa ameendesha polepole mpaka watu wanampigia honi. Adolphine alishuka, akakagua chumba changu cha chini kwa makini kuliko alivyokagua mkaguzi wa manispaa, akagusa kuta, akachagua kona iliyo mbali kabisa na mashine ya kukaushia nguo.

"Hii mashine inatetemeka," akasema. "Divai haipendi kutetemeshwa. Na haipendi joto. Utafua nguo zako, lakini mulango ya hapa tutafunga."

Hebu fikiria. Nyumba nalipia mimi, na mgeni ananipangia ufuaji. Nilikasirika, nikamwambia hivyo. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaanza kulaza chupa zake moja moja, shingo zikiinama kidogo ili mvinyo uguse kizibo. Kizibo kikikauka, alinieleza, kinasinyaa, hewa inaingia, na kazi ya miaka inakwisha.

Sasa nieleze mwanamke huyu aliyetoka kambini na mifuko miwili alivyofika kwenye mvinyo mzee wa Australia. Ana mdogo wake, Marcellin. Waliishi kambi moja, wakahojiwa na ofisi moja, halafu waliopanga safari wakampeleka Marcellin Australia ya Kusini na Adolphine Kentucky, kana kwamba hawakuweza kupata nafasi mbili upande mmoja wa dunia. Hilo bado linaniudhi. Marcellin alipata kazi ya kuchuma zabibu kwenye bonde la Barossa, baadaye akaingizwa ndani, kwenye mapipa. Akawa anampigia dada yake simu na kumsimulia. Kuna mvinyo mwekundu huku, alimwambia, ukiufungua mapema ni mkali na mfupi wa maneno, lakini ukiuacha gizani miaka ishirini unakuwa kitu kingine.

Adolphine wakati huo alikuwa Louisville, kwenye fleti ya Shively. Mtu mwingine angesikia habari hizo na kusema vizuri, na watoto hawajambo? Yeye alielewa mara moja, kwa sababu mama yake alikuwa mpishi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Alikua akiona kitu kibichi kikifunikwa na kuachwa, na watoto wakichapwa kwa kufunua. Siku moja, kwenye duka moja la vinywaji huko Highview lililokuwa likifungwa, akakuta kasha lenye vumbi kwenye rafu ya chini. Mvinyo wa Cabernet, wa Coonawarra, Australia ya Kusini. Juu ya karatasi ya chupa pameandikwa 1996. Alisimama pale hadi mwenye duka akamuuliza kama anaumwa, kisha akalinunua lote.

Mwaka ule alikuwa na sababu ya kuutazama. Nitafika huko.

Kiangazi kilichofuata kule Kentucky kilimfunza. Mtambo wa kupozea hewa uliharibika, fleti ikawa tanuri, na chupa alizoweka juu ya kabati zilisukuma vizibo vyake nje. Alipozifungua zilinuka jamu iliyoungua. Aliniambia alilia, na sioni aibu yoyote kwa hilo. Zilizobaki alizishusha sakafuni, nyuma ya masanduku, akazizungushia mablanketi. Na Ombeni alipopata chuo Columbus wakahama, swali lake la kwanza kuhusu mji mpya lilikuwa udongo wake una baridi kiasi gani.

Krismasi ya 2013 akafungua chupa moja ya Coonawarra kwangu. Siku nne kabla alikuja kuisimamisha wima, ili masimbi, yaani mashapo yake, yashuke chini. Nami kama Mtanzania mwenye akili timamu niliandaa Coca-Cola pembeni ya kuchanganyia. Akaitazama ile Coca-Cola, akanitazama mimi, akaenda kuirudisha kwenye friji.

"Nusa kwanza," akaniambia.

Nikanusa. Nasema kweli, nilishtuka. Rangi ilikuwa imeanza kuwa ya tofali pembezoni mwa bilauri, na harufu iliyotoka ni ya mkaratusi. Mkaratusi baada ya mvua, majani yake yakisagwa mkononi. Nyuma yake kukawa na ngozi ya kiatu kizuri, na tumbaku, na matunda yaliyokaushwa. Nilipokunywa nilingoja ule ukali unaokausha ulimi kama chai iliyosahauliwa jikoni, nao ulikuja kidogo tu, ukaondoka, na utamu ukabaki mdomoni nikiwa nimeshameza.

"Kalitusi," Adolphine akasema, macho amefumba. "Walungu milima yote ni kalitusi. Marcellin anasema kule Australia njo kwabo, zilitokea kule. Zinaota karibu na mizabibu, harufu inaingia mu zabibu."

Nilifurahi sana siku ile. Tokea hapo nilifua nguo zangu kwa adabu.

Alikuwa na namna yake ya kuonja. Hakuwa mtu wa maneno ya vitabuni. Alikunywa kidogo, akaiacha bilauri kwa nusu saa akipika au akikunja nguo, kisha akarudi kuona kama imebadilika. "Sasa imeamuka," angesema, au, "Hii imezeeka vibaya, imekuwa na kinyongo." Chupa iliyokufa hakuisema vibaya. Aliimwaga kwenye mchuzi wa nyama, tukala. Na kila mwaka alifungua moja tu ya lile kasha la Coonawarra, hata tukimbembeleza.

Hadi mwanzoni mwa 2015 zilibaki mbili. Ndipo Ombeni akaja na habari za Chimène.

Chimène alikuwa msichana wa Buffalo, muuguzi mwanafunzi, walikutana kwenye mkutano wa vijana wa kanisa. Kila mtu alifurahi mpaka wakubwa walipoanza kuulizana ni wa nani na wa wapi, kama ilivyo desturi. Jibu lilipotoka Buffalo, Adolphine alikaa jikoni kwangu bila kuvua koti.

Nyanya yake Chimène, naye yuko Buffalo, alikuwa Mama Nabintu wa Walungu. Mwaka 1996, kabla vita havijafika, mume wa Nabintu alipita siku ya soko akanywa kasiksi kwa mama yake Adolphine. Haikupita wiki akafa. Nabintu alisimama kwenye msiba na kusema mumewe amepewa karuho, ile sumu ya polepole inayoogopwa Kivu yote. Kuanzia siku ile hakuna aliyenunua tena pombe ya mama yule. Alipokufa naye, miezi michache baadaye, watu hawakuja kwenye matanga. Adolphine na Marcellin walimzika na majirani wawili, kisha vita vikaja na kila mtu akakimbia na lake.

"Donc, banamuita mama yangu murozi mpaka leo," akaniambia. "Na ule bibi anasema mujukuu wake hawezi kuingia mu nyumba ya karuho."

Ombeni alikuwa amesimama mlangoni. "Mom, nobody believes that stuff," akasema.

"Ye anaamini," Adolphine akajibu. "Inatosha."

Na ilitosha kweli. Zéphyrin, baba yake Chimène na mtoto wa Nabintu, alikuwa mtu mwema, aliwataka vijana waoane. Lakini siku ya mahari upande wa kijana unaleta kinywaji, na mkubwa wa upande wa binti lazima akinywe mbele ya watu. Asipokunywa, hakuna ndoa. Mkubwa alikuwa Nabintu, na Nabintu alikubali neno moja tu: waje, nitawatazama.

Kila mtu alimshauri Adolphine apeleke Fanta. Mimi pia nilimshauri Fanta. Fanta haina masimbi, haina historia, hata askofu anakunywa. Akakataa.

"Kasiksi ya mama ilikuwa mu chungu, wazi," akasema. "Kila mutu angeweza kusema mukono uliingia. Hii divai ilifungwa na batu ba mbali, benye hawanijue. Kizibo hakijaguswa. Nitaifungula mbele yake, nitakunywa wa kwanza, naye ataona."

Huko kwao, kama kwetu, anayekuletea pombe huionja kwanza mbele ya macho yako. Na chupa inafunguliwa ukiangalia. Iliyofunguliwa pembeni, mtu mwenye akili haigusi. Adolphine alifikiria na jambo jingine, na hapa ndipo nilipomvulia kofia: mvinyo wa umri ule ukisafirishwa unavurugika, lazima usimame wima siku kadhaa ili masimbi yatulie. Bibi mwenye shaka akiona kitu cheusi kinaelea kwenye bilauri, mambo yamekwisha. Basi alimtuma Ombeni atangulie na zile chupa mbili wiki nzima kabla, zikakae Buffalo, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Zéphyrin mwenyewe. Zilale kwao, akasema, mtu asiseme nilibaki nazo usiku.

Tuliondoka Columbus Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mimi nikiendesha. Kupita Cleveland hadi Erie alinisimulia mama yake: alivyokuwa akiimba akikamua ndizi, alivyokuwa na mkono mzito wa kuchapa. Hakumtaja Nabintu hata mara moja. Tulipofika Buffalo, nyumba ile ya West Side ilikuwa imejaa, watu wamekaa hadi kwenye ngazi, na Mama Nabintu yuko kwenye kiti cha katikati, mdogo, amejifunga kilemba cheupe, mikono juu ya mapaja.

Zéphyrin alitupokea kwa furaha iliyozidi. "Bon, karibuni, karibuni! Mama Ombeni, nimetayarisha kila kitu. Nilisoma mu internet, banasema divai ya zamani lazima ipumue. Nilizifungula tangu asubuhi."

Chupa mbili zilikuwa mezani. Zote mbili wazi. Kizibo kimoja kilikuwa kimevunjika kwenye kufunguliwa, vipande vyake vinaonekana shingoni.

Nilitaka kumpiga mtu yule kwa mkoba wangu, na bado nina hamu hiyo nikikumbuka. Alifanya kwa wema wote, na hata mvinyo wenyewe haukuhitaji wema wa saa nyingi hivyo. Katika umri wake hewa nyingi inauchosha. Lakini la kuvunda halina ubani. Nilimtazama Adolphine, naye alikuwa akitazama vile vipande vya kizibo.

Mama Nabintu hakupaza sauti. "Ni nani alifungula?" akauliza.

"Ni mi, maman," akasema Zéphyrin, na nadhani ndipo alipoelewa alichofanya.

"Mbele ya nani?"

Chimène alianza kulia kimya kimya. Ombeni akapiga hatua kwenda kwake, mama yake akamzuia kwa mkono.

Mtu mwingine angejitetea. Angesema chupa zilikuwa kwenu, mwanao ndiye aliyefungua, mnataka nini tena? Na angekuwa na haki yote, na ndoa ingeishia pale. Adolphine aliomba tu kitambaa safi na mshumaa. Alifuta shingo ya chupa iliyovunjika kizibo, akawasha mshumaa nyuma yake ili aone ndani, akaanza kumimina kwenye jagi la kioo. Polepole sana. Watu walianza kusogea kutazama, hata waliokuwa kwenye ngazi. Mvinyo ulishuka mwekundu, safi, na harufu ya mkaratusi ikatoka mpaka nikasikia mama mmoja nyuma yangu akisema, "Yesu, ni kwetu." Uzi mweusi ulipoanza kufika shingoni, Adolphine akaacha.

Kwenye chupa kulikuwa kumebaki kama robo ya bilauri, matope meusi na vipande vya kizibo. Kila mtu pale alijua kinachosemwa Kivu, kwamba sumu hukaa chini. Adolphine akaisukasuka chupa, akamimina matope yote kwenye bilauri yake, akaenda kusimama mbele ya Mama Nabintu.

"Mama," akasema, "ile safi ni ya benu. Hii ya chini ni yangu."

Akanywa. Hakunywa kwa mbwembwe, alikunywa kama anavyoonja siku zote, kidogo, akatafuna yale masimbi, akanywa tena hadi yakabaki ya kufunika kitako cha bilauri. Midomo na meno vikawa vyeusi. Kisha akasimama tu, akingoja. Nilikuwa nimeshika rozari yangu ndani ya mkoba na sikumbuki nilisali nini.

Bibi alimtazama muda mrefu. Alimtazama meno, alimtazama mikono. Chimène alikuwa ameshajaza bilauri ya mvinyo safi na kumnyooshea nyanya yake, lakini Mama Nabintu hakuipokea. Alinyoosha mkono kwa Adolphine.

"Leta hiyo yako."

Akanywa mabaki yale. Alikunja uso, akameza, akaiweka bilauri sakafuni karibu na mguu wake. Watu walianza kupiga vigelegele, na Zéphyrin alikuwa tayari ameinua mikono, bibi akawanyamazisha.

"Ile siku," akamwambia Adolphine, "mama yako naye alikunywa mbele. Mu kibuyu kimoja na bwana yangu. Ye njo alianza. Nilikuwa pale, nilimuonaka."

Adolphine hakusogea. "Na haukusemaka," akasema.

"Sikusemaka. Bwana alikuwa mugonjwa tangu mbele, tumbo ilikuwa imevimba. Alikufa, nikabaki na batoto. Nilitafuta mutu wa kumuwekea ile mambo."

Zéphyrin akasema, "Bon, maman amechoka, tuendelee na—"

"Hapana," akasema Adolphine. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilifika kila mahali. "Mama, kwa msiba ulisema ukiwa umesimama. Batu bote balisikia. Simama. Sema tena."

Nilifikiri amekwenda mbali mno. Ndoa ilikuwa imeshapatikana, bibi ameshakunywa, ungeweza kufunika chungu hapo ukaenda kwenu na mkwe. Lakini Mama Nabintu alimshika mjukuu wake mkono, akajiinua. Kusimama kulimchukua muda. Aliwageukia watu wa Walungu waliojaa mle ndani, na waliokuwa kwenye ngazi wakasogea mlangoni.

"Mama ya Adolphine hakuua bwana yangu," akasema kwa sauti. "Alikunywa mbele. Alikuwa mutu muzuri, kasiksi yake ilikuwa nzuri. Mi njo nilisema uongo."

Adolphine alisikiliza hadi neno la mwisho. Kisha akakaa sakafuni pale pale, na kwa meno yake meusi akaanza kumlilia mama yake kwa sauti, kama wanavyolia watu kwenye matanga. Wanawake wa Walungu walitazamana, kisha wakavua viatu mmoja mmoja kama msibani, wakashuka kukaa naye chini.